Injini Isiyotulia

Injini ya gari husema kweli wakati haina kazi. Gari likiwa barabarani, na dereva amekanyaga mafuta, mwendo hufunika aibu nyingi. Mlipuko mmoja ukikosekana, mingine huja upesi nyuma yake na kulifukia pengo kabla sikio halijalitambua. Lakini gari lisimamapo, na dereva akauondoa mguu wake, na mtambo ukaachwa uzunguke polepole bila ya mzigo wowote, hapo kila silinda hudaiwa sehemu yake waziwazi. Mwendo huu wa kutulia mafundi wa Tanzania huuita sailensi, neno ambalo kwa Kiingereza lina maana ya ukimya. Jina si baya, maana injini nzima katika hali hiyo karibu haisikiki. Na injini mgonjwa haikosi kusikika.

Hesabu yake ni rahisi. Injini ya silinda nne, ifuatayo kanuni ya mapigo manne ambayo Mjerumani Nikolaus Otto aliiundia mtambo mwaka 1876, hutoa milipuko miwili kwa kila mzunguko mmoja. Ikizunguka mara 750 kwa dakika, kama yafanyavyo magari mengi ya zamani yatuliapo, milipuko ni 25 kwa sekunde. Ikizunguka mara 3,000, milipuko ni 100. Mtu aliyeketi kitini hawezi kuhesabu 25 katika sekunde moja, walakini mgongo wake hujua kama kila wa nne haupo. Hujua vilevile usukani unaotetemeka mkononi, kioo cha pembeni kinachocheza hata sura ya mtu aliye nyuma isijulikane, na kikombe cha chai kinachotembea chenyewe juu ya dashibodi.

Gari la namna hiyo lilifika katika gereji moja ya mji wa Singida asubuhi ya mwezi wa Julai, mwaka 2018. Lilikuwa pikapu, Toyota Hilux ya mwaka 1981, yenye injini ya 12R ya lita 1.6, na kabureta, na distributa yenye pointi. Mtambo wa zama ambazo fundi aliweza bado kuuona ugonjwa kwa macho na kuushika kwa vidole. Gereji yenyewe haikuwa na jina ukutani, wala haikuwa na ukuta wa kuandikia jina. Ilikuwa uwanja wenye mti mmoja, kibanda cha mabati cha kuwekea spana, na jabali kubwa la rangi ya kijivu, kama yalivyo majabali mengi yaliyotapakaa katika mji ule kati ya ziwa Singidani na ziwa Kindai. Mawe na maji ya chumvi ndiyo sura ya Singida. Upepo ndio sauti yake. Julai upepo huo huvuma tangu kucha, mkavu na wa baridi, na mtu asemaye na mwenziwe hana budi kuinua sauti. Upepo huu una sehemu yake katika habari hii.

Mwenye gari alikuwa mama wa makamo, mfanyabiashara wa vitunguu. Pikapu aliirithi kwa mumewe aliyefariki, na pamoja nayo alirithi ada za shule za watoto wawili. Alinunua vitunguu katika vijiji vya Mkalama, akavileta mjini, na mara kwa mara akavipeleka mpaka Nzega, ambako bei ilimfaa zaidi. Njia ya Nzega hupita Iguguno na Misigiri, kisha huteremka Sekenke kuingia katika mbuga ya Wembere. Sekenke ni jina lenye sifa mbili. Ya kwanza ni dhahabu: katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, Wajerumani waliokatiwa njia za bahari walifua huko Tabora sarafu za rupia 15 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zenye picha ya tembo, nazo leo hutafutwa na wakusanyaji wa sarafu duniani kote. Sifa ya pili ni mteremko. Madereva wa malori hawana haja ya kuelezwa juu ya mteremko huo. Wageni huelezwa na vyuma chakavu vya magari yaliyotangulia.

Mama yule alikwisha kupitia mikono ya mafundi watatu. Wa kwanza alisikiliza kidogo, akabadili plagi zote nne. Injini ikatulia siku mbili, au pengine ilidhaniwa kuwa imetulia, kisha ikarudia hali yake. Wa pili alifungua kabureta, akaisafisha, akazungusha parafujo ya kuongeza petroli, na kuipandisha sailensi mpaka injini ikawa inanguruma kama iliyo safarini hali imesimama. Mtetemo ulipungua, lakini kituo cha mafuta kilianza kumwona mama mara nyingi zaidi. Wa tatu hakugusa kitu. Alisema valvu zimeungua, injini haina budi kufunguliwa, na gharama yake ni shilingi laki saba.

Maneno ya fundi huyu wa tatu hayakuwa ya kipuuzi, na hapo ndipo penye hatari yake. Petroli ya zamani ilitiwa madini ya risasi, ambayo, pamoja na madhara makubwa yaliyoyatia katika ubongo wa watoto, yaliacha utando mwembamba juu ya vikalio vya valvu na kuvikinga visilike upesi. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara, Tanzania ikiwa miongoni mwake, ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Algeria ikawa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Gari la mwaka 1981, basi, liliundwa kwa petroli ambayo haipo tena, na ni jambo linalowezekana kabisa kuwa valvu zake zimeumia. Yawezekana, lakini jambo linalowezekana si jambo lililotokea. Mama alipewa hadithi nzuri yenye sababu zake, akatakiwa kuilipia laki saba, na hakuna aliyeipima.

Fundi wa nne, ambaye sasa pikapu ilikuwa mbele yake, alikuwa mzee aliyeanza kazi akiwa mtoto katika karakana ya malori ya ushirika, kabla vyama vikuu vya ushirika havijavunjwa mwaka 1976. Msaidizi wake alikuwa kijana aliyehitimu chuo cha ufundi, mwenye daftari, na mwenye kifaa ambacho mzee hakuwahi kuwa nacho: geji ya kupimia ombwe, yaani upungufu wa hewa ndani ya manifodi, mahali ambapo hewa na petroli hupita kutoka katika kabureta kwenda kwenye silinda. Kijana alikwisha kuinua boneti. Mzee alimzuia kwa mkono.

“Shikamoo, fundi,” alisema mama.

“Marahaba, mama. Habari za safari?”

“Njema kiasi. Gari ndilo linalonitesa.”

Mzee hakuuliza gari lina nini. Aliuliza lilianza lini. Je, hutetemeka likiwa baridi au likiwa limekwisha kupata moto. Je, likikimbia huwa zima au hukosa nguvu pia? Mama alijibu kuwa lilianza baada ya mavuno ya mwaka uliotangulia, kidogo kidogo. Baridi au moto ni mamoja. Na likikimbia halina neno. Kisha, kama mtu anayeongezea habari isiyohusika, alicheka na kusema kuwa wao wawili wanazeeka pamoja: gari linatetemeka, na yeye mguu wa kulia unamuuma kila arudipo safari. Kijana aliandika majibu yote isipokuwa hilo la mguu. Mzee naye hakusema kitu.

Injini iliwashwa. Mzee akaenda nyuma ya gari badala ya mbele. Aliomba karatasi moja ya daftari, akaishika karibu na mdomo wa bomba la moshi. Karatasi ilisukumwa, ikasukumwa, ikasukumwa, ikalegea; kisha ikasukumwa tena. Kulegea kwake kulikuja kwa zamu, kama hatua za mtu achechemeaye. Lakini haikuvutwa kuelekea ndani ya bomba hata mara moja. Valvu ya kutolea moshi iliyoungua hairuhusu jambo hilo kwa urahisi: silinda yake ivutapo pumzi huvuta pia kutoka katika bomba, na karatasi hunyonywa. Mzee alimrudishia kijana karatasi yake, yenye doa jeusi, bila ya maelezo.

Ndipo alipoelekea mbele, akashika koleo lenye mpira mkononi, na kuanza kuchomoa nyaya za plagi moja baada ya nyingine, injini ikiwa inazunguka. Kazi hii ni ya kale, nayo haina mshindani kwa uwazi wake. Ukiondoa waya wa silinda iliyo nzima, injini huyumba na kutaka kuzima, kwa kuwa umeinyang'anya mfanyakazi. Ukiondoa waya wa silinda isiyofanya kazi, hakuna kinachobadilika. Huwezi kumfukuza asiyekuwapo. Silinda ya kwanza ilipoondolewa injini ilizama. Ya pili ilizama. Ya tatu nusura izime. Ya nne, iliyo nyuma kabisa karibu na dereva, waya ulitoka na kurudi, wala injini haikujua.

“Nambari nne,” alisema kijana, akaandika. “Valvu yake imeungua.”

“Nambari nne,” aliitikia mzee. “Hayo mengine futa.”

Kosa la kijana ni kosa la watu wengi wenye akili, na halihusu magari peke yake. Jaribio lilimjibu swali la wapi, yeye akaliandika kama jibu la kwa nini, maana jina la ugonjwa alikwisha kuwa nalo tangu fundi wa tatu. Silinda huomba mambo matatu tu ili ifanye kazi: mgandamizo, cheche, na mchanganyiko wa hewa na petroli wa kipimo kinachostahili. Nambari nne ilikosa mojawapo, na kila moja lina njia yake ya kupimwa isiyohitaji laki saba.

Injini ilizimwa. Mzee akatoa plagi zote, akauondoa waya wa koili ili pasitokee cheche, akaziba tundu la silinda ya nne kwa kidole gumba huku kijana akizungusha injini kwa stata. Hewa ilikitupa nje kidole chake kwa mlio. Alifanya vivyo hivyo kwa nyingine tatu, kisha akarudia ya nne, akamwita kijana aweke kidole chake mwenyewe. Nguvu zilikuwa sawasawa. Silinda yenye valvu iliyoungua haiwezi kukisukuma kidole kama wenzake. Hivyo hadithi ya laki saba ilikufa pale, chini ya kidole gumba, kwa gharama ya dakika kumi.

Cheche nazo hazikuchelewa. Plagi ya nne ilitoa cheche ya buluu iliyo kali. Na hata ilipopelekwa katika silinda ya kwanza, na ya kwanza ikaletwa nyuma, udhaifu ulibaki pale pale nyuma. Pointi zilikuwa na mwanya karibu nusu milimita, kama itakiwavyo. Basi lilibaki jambo la tatu.

Plagi zilipangwa juu ya tambara kwa mpango wa silinda zake, na hapo palikuwa na ushahidi uliowashangaza wote wawili. Tatu za mbele zilikuwa nyeusi kwa masizi, dalili ya petroli kuzidi. Ya nne ilikuwa nyeupe kama mfupa uliolala juani, dalili ya hewa kuzidi. Kabureta ni moja, nayo hulisha silinda zote nne. Itawezaje kuwashibisha watatu mpaka kutapika na kumwacha wa nne na njaa? Kijana alisema kuwa jambo hilo haliwezekani. Mzee alikaa juu ya gurudumu la akiba, akazitazama plagi kwa muda mrefu. Ukweli ni kwamba walikuwa wanasoma maandishi ya watu wawili katika ukurasa mmoja. Weusi uliandikwa na fundi wa pili, aliyezungusha parafujo na kuongeza petroli kwa silinda zote ili kuufunika ugonjwa wa moja. Na kimo cha Singida, kama itakavyoonekana, kilimsaidia. Weupe uliandikwa na ugonjwa wenyewe. Palikuwa na hewa inayoingia bila ya kupita katika kabureta, na ilikuwa inaingia karibu na mlango wa silinda ya nne.

Dhana hii ilieleza pia kwa nini gari halikuwa na neno likikimbia. Injini ituliapo, kilango cha kabureta huwa karibu kimefungwa. Pistoni hushuka zikivuta, na hewa haipatikani, hivyo ndani ya manifodi huwa na ombwe kubwa. Ufa mdogo wakati huo hunyonya kwa pupa, na hewa yake ni sehemu kubwa ya pumzi yote. Dereva akikanyaga mafuta, kilango hufunguka, ombwe hupungua, na hewa ya ufa huzama katika wingi wa hewa halali kama ndoo ya maji katika ziwa. Kijana alifunga geji yake katika manifodi, naye kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa na la kuongeza: sindano ilisimama kwenye inchi 11 za zebaki, haikutikisika sana. Kitabu chake kilitaka 18 mpaka 21. Hewa ilikuwa inavuja, bila ya shaka. Ilibaki kujua wapi.

Wako mafundi ambao hutafuta uvujaji kwa kumwagia petroli juu ya injini inayozunguka na kusikiliza mabadiliko. Wengine wao wana makovu. Mzee alitumia kijiko na oili nzito. Alidondosha oili kwenye maungio ya manifodi, moja baada ya jingine. Ufa ungekuwapo ungeimeza, na kwa sekunde chache injini ingebadili sauti. Haikubadili. Akadondosha chini ya kabureta, haikubadili. Alitega sikio kutafuta mlio wa kunyonya, lakini upepo wa Singida ulikuwa unanyonya kila mahali, katika mabati ya kibanda, katika matawi ya mti, katika nyufa za jabali. Masikio yalikuwa hayana faida pale. Ikabaki mipira.

Mipira mitatu ilitoka katika manifodi ile. Mzee alizungushia tambara kwenye koleo, akabana wa kwanza, uendao kwenye distributa. Hapakuwa na mabadiliko ya maana. Akabana wa pili, uletao mvuke kutoka katika tumbo la injini, vivyo hivyo. Wa tatu ulikuwa mnene kuliko wenzake, nao uliungana na manifodi kwenye tawi la nyuma, la silinda ya nne. Alipoubana, injini ilitikisika mara moja kama mtu anayeshtuka usingizini, kisha ikaunganisha sauti yake. Boneti iliacha kutetemeka. Kioo cha pembeni kilionyesha sura ya mama, aliyekuwa amesimama nyuma ya gari, naye alikuwa anacheka.

“Huo ndio!” alisema. “Nunua mpira mpya, fundi, niondoke. Nina magunia tisa yananingoja, na mnunuzi wa Nzega hangoji.”

Lakini mpira ulikuwa mzima. Mzee aliufuata kwa vidole kutoka upande wa injini mpaka upande wa pili, ambako uliingia katika bakuli la chuma lililofungwa mbele ya dereva: busta, chombo kinachotumia ombwe la injini kuusaidia mguu kusukuma breki. Alimwambia kijana aingie ndani ya gari, afunge milango na vioo, na kuinamisha kichwa karibu na pedeli. Pale, ambapo upepo haukuweza kufika, kijana alisikia mlio mwembamba usiokoma, kama wa nyoka aliyekanyagwa. Mpira wa ndani ya busta ulikuwa umelika, na hewa ilikuwa inapita humo usiku na mchana, ikifuata njia ya mpira mnene na kumwagika mbele ya silinda ya nne.

Mzee alitaka uthibitisho mmoja zaidi, akamtaka mama mwenyewe aufanye. Injini ilizimwa. Mama alikanyaga breki mara tano au sita mpaka pedeli ikawa ngumu, akauacha mguu juu yake, na injini ikawashwa. Busta iliyo nzima ipatapo ombwe hulishukia pedeli, na mguu huisikia ikizama kidogo yenyewe. Ya mama haikuzama. Ilibaki ngumu kama jiwe.

“Mama,” aliuliza mzee, “mguu unaokuuma ni upi?”

Mama hakujibu. Aliutazama mguu wake wa kulia, uliokuwa bado juu ya pedeli.

Kwa muda wa miezi kadhaa mama yule alikuwa ameteremka Sekenke na mzigo mgongoni mwa gari, akilizuia kwa nguvu za goti lake tu. Breki zenyewe zilikuwapo. Kilichokufa ni msaada wake, nao ulikufa polepole, siku baada ya siku, hata mguu ukazoea na kuudhani ugumu ule kuwa umri. Sailensi mbaya ndiyo iliyokuwa ikisema, na mafundi watatu waliisikia. Mmoja alitaka kuinyamazisha kwa plagi. Mmoja aliinyamazisha kwa kelele kubwa zaidi. Wa tatu aliisikia ikisema jambo jingine.

Hapa palikuwa na jaribu, na haifai kulipita haraka, maana lilikuwa jaribu la kweli. Busta ya Hilux ya mwaka ule haikupatikana mjini Singida. Lakini boliti ya senti chache, ikichomekwa katika mpira mnene na kufungwa kwa klipu, ingeikomesha hewa; injini ingetulia kabisa, mtetemo uliomleta mama ungekwisha, na pesa zingelipwa kwa haki ya jambo lililoombwa. Mama aliliona hilo upesi kuliko kijana. Alisema breki amezoea, ameteremka nazo hivyo mara nyingi, atakwenda polepole, akirudi busta itatafutwa. Vitunguu vilikuwa vimeanza kuota. Kila neno alilolisema lilikuwa kweli.

“Boliti nitakuwekea,” alisema mzee, “nayo itakufikisha nyumbani. Barabara ya nyumbani ni tambarare. Nzega sitakuambia uende.”

“Gari ni langu, fundi.”

“Ni lako, mama. Na mteremko ni wa wote.”

Walinyamaza. Upepo uliendelea na kazi yake. Kijana, ambaye hakuwa na daraja ya kusema kati ya watu wazima wawili, alijishughulisha kupanga spana ambazo zilikwisha kupangwa. Mwishowe mama alitoa simu, akasogea nyuma ya jabali apate kusikilizana na mtu, akazungumza kwa muda mrefu. Aliporudi alikuwa amekwisha kuviuza vitunguu vyake kwa mwenye lori, kwa bei ambayo hakuitaja. Hakuwa na furaha, wala hakumshukuru mtu.

Busta ilitoka Dodoma kwa basi, siku ya tatu, ikiwa imefungwa katika gunia. Ilikuwa imevuliwa katika Hilux nyingine iliyokwisha kufa, na bei yake haikufika sehemu ya tano ya ile laki saba. Mzee aliijaribu kwanza kwa kuinyonya hewa kwa mdomo kupitia kipande cha mpira, akaziba kwa ulimi, akangoja, ulimi haukuachiliwa. Ikafungwa. Kisha akaanza kuyafuta maandishi ya fundi wa pili: akairudisha parafujo ya petroli robo kwa robo, akaishusha sailensi, akaipandisha petroli kidogo, akaishusha tena, mpaka injini ikatulia katika mizunguko 750 hivi. Kikombe cha chai kilichowekwa juu ya boneti kilibaki mahali pake, na uso wa chai ukawa na viduara vyembamba tu.

Kijana alifunga geji yake. Sindano ilipanda kutoka 11, ikasimama kwenye 15. Uso wake ulibadilika.

“Mzee, bado inavuja. Kitabu kinasema 18 kwa uchache.”

Mzee hakukitazama kitabu wala geji. Alimwonyesha kwa kidevu Land Rover iliyokuwa chini ya mti, iliyoletwa kwa ajili ya springi tu na ambayo injini yake ilifunguliwa na kurudishwa upya mwezi uliotangulia. Kijana alipima: 15. Palikuwa na teksi ya mteja mwingine, nayo haina lawama. Ikatoa 15 na nusu. Kijana alisimama katikati ya uwanja na geji mkononi, akiwa na magari matatu ambayo kitabu kiliyaita wagonjwa.

Kitabu hakikusema uongo. Kiliandikwa na watu waishio karibu na usawa wa bahari, ambako hewa hukandamiza kwa kadiri ya inchi 30 za zebaki. Mji wa Singida uko katika kimo cha kiasi cha mita 1,500, na hapo hewa hukandamiza kwa inchi 25 hivi, pungufu ya sehemu moja katika sita. Injini haiwezi kuvuta ombwe kutokana na hewa ambayo haipo; inchi 20 za Dar es Salaam ni inchi 15 za Singida. Kwa sababu hiyo hiyo kabureta iliyorekebishwa pwani hulisha petroli kupita kiasi ipandapo bara, na silinda hupaka masizi hata bila ya msaada wa fundi wa pili. Mwaka 1648, huko Ufaransa, shemeji yake Blaise Pascal alipanda mlima Puy de Dôme na bomba la zebaki, akaiona zebaki ikishuka kadiri alivyopanda, na hivyo watu wakajua kuwa hewa ina uzito na kwamba uzito huo hupungua juu ya milima. Kilele cha mlima ule kina mita 1,465. Watu wa Singida wanaishi, wanalima alizeti na kutengeneza magari katika kimo cha kilele kile, na mzee yule alikuwa akifanya kazi huko tangu ujana wake bila ya kumsikia Pascal. Yeye alijua tu kuwa gari zima, hapa, hupumua hivi.

Mama alikuja jioni. Aliketi kitini, akakanyaga breki, akasikia pedeli ikizama chini ya mguu wake kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akaukanyaga tena kwa mashaka, kama mtu aliyepewa chenji nyingi kupita haki yake. Kisha alilipa, akauliza kama kesho kuna lori lolote liendalo Mkalama kwa vitunguu, ili apate kujua bei kabla ya kutoka.

Kijana alikuwa ameketi juu ya jabali na daftari lake. Alitafuta ukurasa wa mafunzo ya ombwe, uliokuwa na 18 mpaka 21 kwa wino wa buluu, uliopigiwa mstari na mwalimu. Hakuifuta. Aliandika pembeni yake 15, na chini yake, kwa herufi kubwa, SINGIDA.